Nilisema Filamu ni Safi, Kaka Yangu Akakaa

Shangazi mpendwa, nakuomba unisaidie haraka na jina langu ulifiche, ingawa hapa Tonga, na hasa kisiwani kwetu 'Eua, atakayesoma atajua tu ni mimi, maana hakuna mwingine kisiwani aliyefanya nilichokifanya, na tangu Jumamosi ile nikipita njiani watu wanainama kutafuta chini kitu ambacho hawajakiangusha.

Mimi ni mjane, wanangu wote wako ng'ambo, na mchungaji wetu, Manase, alinikabidhi kazi ya kuonyesha filamu katika ukumbi wa kanisa ili vijana wasiende kunywa gongo nyuma ya shule, na utaratibu wetu ni ule unaoujua, wasichana na mama zao Ijumaa, wavulana na baba zao Jumamosi, ili kaka asijikute gizani na dada yake wakitazama yasiyotazamwa pamoja, na kijiji chenyewe unakifahamu kilivyo, mtoto wa mama mdogo ni dada, mtoto wa baba mkubwa ni dada, ukihesabu vizuri ukumbi mzima ni kaka na dada watupu.

Vijana wakaomba filamu za kutisha, nami nikafurahi kupita kiasi, maana ni kitu ninachokipenda, ila ya kwanza waliyoileta wao ilikuwa ya msumeno na matumbo, mke wa mchungaji akatapika ndani ya kofia yake ya kanisani, na Mchungaji Manase akaniita pembeni.

"Mama, nikiona tone moja la damu kwenye ukuta wa kanisa, ufunguo nauchukua."

"Mchungaji, hata mimi sizipendi," nikamwambia, na sikusema uongo, kwa sababu sisi tunaochinja nguruwe kila harusi na kila msiba damu itatutisha nini, damu inachefua tu, kinachotisha ni ule mlango uliofunga mwenyewe kwa mkono wako na asubuhi unaukuta wazi.

Hapa inabidi nikwambie habari za kaka yangu, Pauliasi, ndugu pekee niliyebaki naye, ambaye tulipokuwa wadogo, kabla hajafikia umri wa kuhamia kibanda cha wavulana, alikuwa akinisimulia habari za mwanamke wa msituni anayeita watu kwa majina yao, nami najifunika mkeka nikimwambia acha, endelea, acha, endelea, kisha akakua akahama, na tangu hapo hatujakaa benchi moja, hatutaniani, habari zangu anazipata kwa mkewe, na hiyo ndiyo heshima yetu na silalamiki, ila nikuambie kweli, hofu ile tamu nimekuwa nikiitafuta maisha yangu yote na kwenye filamu siioni.

Nikaanza kutafuta isiyo na damu, Shangazi, na nilichoka, maana moja ilikuwa na mdoli anayetembea mpaka nikamwonea huruma kwa miguu yake mifupi, nyingine ilikuwa na zimwi lililofanana na katibu wetu wa shule ya Jumapili akiwa na mafua, watu wakacheka mpaka wakaomba lirudishwe, nikaona aibu, nikampigia simu Kaloline, mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye ameishi Auckland tangu usichana wake.

"Dada, nitafutie ya kutisha kweli, lakini isiwe na damu."

"Ninayo moja," akasema. "Haina damu hata ya mbu. Ila ukiianza, chooni utaenda umeshikwa mkono."

Akaituma, nikaiangalia peke yangu sebuleni, mchana kweupe, na ni habari ya mwanamke anayeishi peke yake ambaye kila asubuhi anakuta kiti cha jikoni kimesogea karibu zaidi na kitanda chake, basi, hakuna anayepiga kelele, hakuna mzuka, kiti tu, halafu siku moja anachota maji kisimani huku akiimba wimbo ambao mama yake marehemu alimbembelezea, anasahau ubeti, na kule chini kisimani sauti inamalizia ubeti, na hapo Shangazi nilizima, nikatoka nje, nikakaa na kuku mpaka jirani alipokuja kuniuliza kama kuna aliyefariki.

Sikuimalizia. Kesho yake nilijaribu, nikafika kwenye wimbo nikazima tena, na mimi ndiye ninayewaambia vijana kila siku kwamba hakuna filamu iliyowahi kunitoa kwenye kiti, kwa hiyo Mchungaji aliponijia sikuweza kukiri.

"Umeiangalia?"

"Nimeiangalia."

"Yote?"

"Ni safi kabisa, Mchungaji," nikasema, na rohoni nilimaanisha haina damu, maana ndilo sharti alilonipa, na Jumapili akasimama mimbarini akatangaza, "Jumamosi mchana kuna filamu ya kutisha, mama ameikagua mwenyewe, ni safi, familia nzima mje pamoja."

Shangazi, neno lile wewe unajua kwetu lina maana gani, filamu safi ni ile ambayo dada anaweza kuwa chumba kimoja na kaka yake na hakuna atakayelazimika kukohoa kwa aibu, na mimi nililisikia likitangazwa na bado nikakaa kimya nikijipepea, kwa sababu filamu imejaa kiti na kisima, nikawaza, aibu itoke wapi?

Walikuja wote. Tuliziba madirisha kwa mikeka ili kuwe giza, na watu waliingia wakichekacheka kwa woga, kaka wamekaa upande huu na dada zao upande ule na njia katikati, na kuelekea mwisho akaingia Pauliasi na mkewe, Hepisipa, kaka amevaa mkeka wa kiunoni kama anakwenda ibadani, akapita bila kunitazama akakaa benchi la mbele kabisa karibu na dirisha, na moyo wangu ukajaa, maana tangu utotoni ndiyo mara yetu ya kwanza kuwa katika giza moja tukingoja kuogopa kitu kimoja.

Na waliogopa, Shangazi! Kiti kiliposogea mara ya pili wanaume wenye vifua kama milango ya benki walishika vitabu vya nyimbo, sauti ilipotoka kisimani bibi mmoja alianza kuijibu kwa Sala ya Bwana, na mimi pale kwenye projekta nilifumba macho na kuziba masikio, ndiyo maana sikuona mambo yalivyogeuka.

Nilipofumbua, yule mwanamke alikuwa amekimbilia kwa jirani yake mwanamume, analia, amelowa mvua, na mwanamume anamvua koti, nikasema moyoni mtu mwema huyu, koti limelowa, kisha akamvua na kisichokuwa koti, na yeye mwanamke naye akaanza kumvua mwanamume, na ukumbi mzima, Shangazi, ukumbi uliokuwa unapiga makelele, ukanyamaza ukawa kama umekufa.

Nikashika rimoti ikaniponyoka ikaingia chini ya mabenchi, kitufe cha mashine sikukiona, na akili iliyonijia, Mungu anisamehe, ni kukimbia kusimama mbele ya taa ili kuziba, nami siku ile nimevaa gauni jeupe. Picha haikuzibika. Iliniangukia mimi. Wale wawili walikuwa wanafanya mambo yao juu ya kifua changu na tumbo langu, mbele ya kijiji, mbele ya kaka yangu, na nikijaribu kuwafuta kwa mikono ndiyo ikawa mbaya zaidi.

"Yesu wangu!" akapiga kelele yule bibi, na hapo ndipo watu walipolipuka, wanaume wakang'oa mikeka madirishani ili watoke, jua likaingia lote kwa mpigo, na hiyo ndiyo ikawa adhabu yetu kubwa, maana sasa kila mtu alimwona dada yake na kila dada alimwona kaka yake, na mimi nilijikuta natazamana na Pauliasi uso kwa uso. Sijawahi kuona uso ule. Akajifunika kwa mkeka wake wa kiunoni akaruka dirishani, na ni mtu mnene, akakwama, ikabidi vijana wawili wamsukume kwa nyuma, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Nilimpigia Kaloline nikilia, akaniambia, "Si ulisema hutaki damu? Ungesema hutaki na hayo mengine," kwa hiyo unaona mtu anayekaa ng'ambo muda mrefu anasahau nini.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Wifi yangu Hepisipa alikuja jikoni kwangu, akakataa kukaa.

"Wifi, kaka yako amehamia kibanda cha shambani. Chakula hali. Anasema, 'Dada yangu aliikagua, akaiona yote, halafu akanikaribisha nikae.' Nimwambie nini?"

Nikageukia chungu changu, Shangazi, akaondoka. Baadaye nikasikia Pauliasi ameandikisha jina kwenda Australia kuchuma matunda na kundi linaloondoka kabla ya harusi ya bintiye Losaline, yeye ambaye alikuwa akizikataa safari hizo mara zote, na nguruwe wa harusi keshawafunga, mikeka imeshasukwa. Losaline mwenyewe alikuja kwangu akanilalia mapajani.

"Shangazi, baba anaondoka. Anasema harusini mahali pa shangazi wa bibi harusi ni pale mbele, na yeye hawezi kuwa chini ya paa moja na wewe. Sasa nitaolewa bila baba? Au niolewe bila shangazi?"

Nimewaza mambo mawili na sijui nishike lipi. La kwanza, nipande meli niende mji mkuu, Nuku'alofa, nijifiche kwa rafiki mpaka harusi ipite, ili kaka abaki amwoze mwanawe. La pili, nimfuate kule shambani nimpigie magoti nimweleze kwamba sikuiona ile sehemu, kwamba niliogopa nikazima. Mpaka leo sijamwambia mtu yeyote kwamba sikuimalizia. Nionyeshe njia, Shangazi, maana silali na sili, na safari hii si kwa ajili ya kiti.

Dada Aliyeharibu, 'Eua

SHANGAZI ANAJIBU

Dada, barua yako nimeisoma nimesimama, nikaiweka mezani, nikafunga mlango wa ofisi, nikaisoma tena. Nina kaka wanne, na wote hununua gazeti hili. Kaka zangu, kama mmefika hapa, fungueni ukurasa wa raga sasa hivi, na tusiulizane.

Pole. Naanza na pole kwa sababu nitakugombeza, na nataka ujue nakugombeza nikikuonea huruma. Gauni jeupe! Mwanamke mzima unaziba taa kwa gauni jeupe! Ungevuta waya ukutani. Lakini mtu aliyepigwa na butwaa hana akili, na hilo nimekwisha kukusamehe.

Nisilokusamehe ni lile "Nimeiangalia." Mchungaji alikuuliza swali jepesi, yote au si yote, ukamjibu jambo jingine. Kwa nini? Kwa sababu umejijengea jina la mwanamke asiyetishika, ukaona bora kijiji kizima kiingie shimoni kuliko vijana wajue kwamba kisima cha kwenye filamu kilikupeleka kukaa na kuku. Dada yangu, filamu uliyoizima katikati hujaikagua, umeionja. Na kuhusu hizo filamu zenyewe tunakubaliana mimi na wewe: damu ni kazi ya bucha, kuogopa ni kitu kingine, na uliyoipata ni ya kuogopesha kweli, maana hata kuisoma tu kwenye barua yako nimekihamisha kiti cha jikoni kwangu. Hukukosea kuitafuta. Ulikosea kuitia muhuri.

Mchungaji wako naye asijifiche nyuma yako. Alikukataza damu, akatangaza kitu kingine, na yeye ndiye aliyewavunjia watu utaratibu wa siku mbili uliokuwa unawalinda. Mwambie nimesema.

Sasa hayo mambo yako mawili. Yote mawili ni mabaya, na la pili ndilo baya zaidi.

Ukipanda meli, aibu yako itabaki nyuma imvae Losaline. Bibi harusi asiye na shangazi pale mbele, wageni watauliza, na watakaowajibu hawatakosekana. Meli achana nayo.

Na ukithubutu kwenda shambani kumpigia magoti kaka yako, utamuua. Umesahau wewe ni nani? Katika nchi hii dada yuko juu ya kaka yake. Tangu ametambaa amefundishwa kukuinamia, kukupisha, kutosema neno chafu penye masikio yako. Ukamwendee leo, wawili tu, umpigie magoti yeye, uanze kumweleza mambo ya ile sehemu? Ile sehemu usiitaje kwake mpaka mnazikwa. Hata neno "koti" liache.

Fikiri kidogo kinachomkaba koo. Kuona aliona, na walioona ni wengi, wengine sasa hivi wanakula vizuri tu. Yeye anaamini wewe ulijua. Anaamini dada yake aliona yote kabla, akaona ni sawa, akamwachia benchi la mbele. Akiwaza hivyo, basi heshima aliyokuwekea maisha yake yote wewe hukuihitaji, na mtu akifika hapo huenda kuchuma matunda ya watu. Na dawa yake unayo mwenyewe mdomoni, umeikalia kwa sababu hutaki kuitwa mwoga!

Kwa hiyo leo hii, kabla hujapika, nenda kwa Hepisipa. Mwambie kwa maneno haya na usiongeze: "Wifi, sikuimaliza. Nilifika kisimani nikaogopa, nikazima, mara mbili. Nikamdanganya Mchungaji." Halafu nyamaza, umwachie yeye apeleke. Mke anajua mlango wa kuingilia kwa mumewe, wewe huna mlango huo na hupaswi kuwa nao.

Kisha nenda kwenye maombi ya akina mama ukaseme vilevile mbele ya wote, na ukifika kwenye kuku usiruke, waambie na jirani alidhani kuna msiba. Watakucheka. Waache wacheke mpaka wajipigepige magoti, maana tangu siku ile kijiji chako hakijapata pa kutolea pumzi, na kicheko kile kitafika shambani kabla ya Hepisipa kurudi mara ya pili. Jina lako la ushujaa litakufa. Lizike, wala usiliwekee mkeka wa msiba.

Baada ya hapo tuma neno moja tu kwa njia hiyohiyo ya wifi yako: "Dada anasema usisafiri kabla ya harusi." Usiombe. Usiseme tafadhali. Wewe unatafuta pa kujificha, na huku unashikilia neno ambalo kaka wa Kitonga hawezi kulikataa hata kama viatu vya safari keshavivaa! Si ubabe huo. Ile heshima anayodhani umeitupa, utakuwa umemwonyesha kwamba bado ipo na bado unaitumia. Kama nilivyomsoma mimi, anangoja aitwe.

Ukumbini rudisheni siku mbili, wanawake yao na wanaume yao, hata filamu ikiwa ya malaika tu. Utakayoionyesha iangalie mpaka majina ya mwisho yapite, na kama peke yako huwezi, mchukue jirani yule wa msiba mkae naye. Na neno "safi" usilitoe tena mdomoni bila kusema ni safi ya nini.

Siku ya harusi vaa mkeka wako mzuri, kaa mahali pako mbele, pokea unachopewa, na ule. Pauliasi atakuwa nje kwenye tanuri la nguruwe, amekupa mgongo. Atapita mlangoni na sinia, macho chini, hatakusalimu. Usilie, na mtu asikuambie bado ana hasira. Mwenye hasira ni yule aliyetaka kupanda ndege. Huyu asiyekutazama ni kaka yako.

Shangazi Vika